Shamba la Karibu

Kwetu Mbuchi, kijiji cha deltani, ukitaka kujua nani amesoma huna haja ya kuuliza vyeti. Tazama miguu. Visigino vya dada yangu vimepasuka mipasuko ambayo mafuta ya nazi yalishindwa nayo zamani, na kucha zake zilishika rangi ya tope la mtoni tangu hajavunja ungo. Miguu yangu mimi ni laini kama ya mwali. Leo nayasema haya kwa aibu. Zamani niliyasema kwa majivuno, na kuna siku nilivua viatu makusudi mbele ya watu ili waone.

Mpango ulikuwa wa baba. Watoto tuliobaki hai tulikuwa wawili, dada na mimi, na baba alisema nyumba yake inaweza kusomesha mmoja. Shule yenyewe wakati ule ilikuwa bure. Kilichokuwa na bei ni mikono. Mpunga unapoanza kuota, familia za kwetu huhama kijiji na kwenda kuishi kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, na kukaa huko miezi mitatu au minne kufukuza ndege na nguruwe. Kazi hiyo tunaiita kuamia. Mtoto anayeamia hasomi. Dada alikuwa darasa la tano na mimi la pili. Baba akakata shauri kwamba dada ataamia, mimi nitabaki kijijini kwa bibi nisome. Dada hakupinga. Au alipinga huko huko shambani, na maneno ya shambani hayafiki kijijini.

Basi nikatunzwa kama mbegu iliyotengwa. Sikushika jembe, sikupiga kasia, na tope nililiona kwa mbali. Shule ilikuwa ng'ambo ya mkondo, na asubuhi za maji kupwa, katika miezi isiyo ya kuamia, dada alinibeba mgongoni kunivusha tope hadi kwenye mtumbwi, sare isichafuke. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mzito kama gunia la mpunga mbichi. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo hawakutuacha tupite salama.

"Bibi harusi huyo! Anapelekwa kwa mumewe?"

"Niacheni," dada aliwajibu, akihema. "Hii ndiyo akiba yetu. Ikilowa itaoza."

Akiba ilifika hadi kidato cha nne, kwenye shule ya bweni huko bara, ikarudi na daraja la nne. Nilipolitaja daraja hilo, bibi alipiga vigelegele, kwa sababu kwa hesabu yake nne ni nyingi kuliko moja. Sikumsahihisha. Nilikula kuku siku ile.

Ndiyo miaka ile ambayo sabuni na sukari zilirudi madukani kama vile hazijawahi kuondoka, mitumba ikajaa gulioni Kibiti, na wanunuzi wa kamba wakaanza kuingia kwetu deltani na mashua zenye barafu. Kila mtu alikuwa ruksa kuuza chochote alichonacho. Ila kazi ya serikali, ambayo ndiyo baba alinisomeshea, ilikuwa inapunguzwa watu. Waliosoma kunizidi walikuwa wanarudishwa makwao na barua mkononi. Na ada ya shule, ambayo sisi hatukuijua, ikaja kwa jina la uchangiaji.

Lakini nisizisingizie nyakati. Mimi mwenyewe si mtu wa kutoka. Nilikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, nikakaa wiki tatu, nikashikwa na hamu ya baraza la nyumbani hadi nikakosa usingizi, nikapanda basi nikarudi. Nikakaa. Asubuhi chai barazani, mchana kitabu barazani, jioni redio pale pale. Bibi yangu, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wake, alikuwa na wimbo mmoja.

"Mume wangu, mwali gani weye hutolewi? Wenzio hukaa ndani miezi. Weye mwaka wa nane huu! Niwaite makungwi waje wakutoe?"

"Bibi, miye nasubiri barua ya kazi."

"Haya. Ikija, iambie mwali wangu hatoki jua kali."

Hata hivyo kijiji kiliniheshimu. Barua zilizotoka mjini nilizisoma mimi, na maelekezo ya dawa vilevile. Mtu akibishana na mwenzake juu ya jambo lolote, hata la ngalawa ambayo sijui inafungwaje, walikuja kuniuliza, nami nilijibu. Hakuna aliyenifundisha kusema sijui. Shuleni ukisema hujui unachapwa.

Halafu baba akapooza upande mmoja. Alikuwa amekaa akisuka kamba, ikamponyoka, na mdomo ukaenda kando. Tukawa nyumba ya mzee mgonjwa, bibi, mimi, dada yangu aliyekuwa ameachika na kurudi kwetu, na binti yake, mpwa wangu, ambaye mwaka uliofuata angeingia darasa la saba.

Huyu mtoto alikuwa na akili ya kutisha. Alisoma gazeti lililofungiwa vitumbua hadi mafuta yalipofuta maandishi. Dada alisema neno moja tu juu yake, na alilisema mbele yetu sote: "Huyu haamii." Maana yake ilikuwa wazi. Akifaulu, ataenda sekondari, na ada, sare, sanduku na godoro vitatoka kwenye mpunga. Hapakuwa na mahali pengine pa kutoka.

Tatizo ni shamba. Shamba la kufyeka kwenye mikoko huzaa vizuri miaka michache, kisha magugu na kaa hushinda, na mtu huhama akafyeke jingine. La baba lilikuwa limeshafika huko. Ilibidi tuchague mahali papya, na mwenye kuchagua siku zote alikuwa baba. Safari hii tulikaa kumzunguka kwenye mkeka, naye akitutazama kwa jicho moja.

"Twende juu mtoni, kwenye mikoko ya misikundazi," dada alisema. "Maji ya kule ni ya mto mwaka mzima."

"Kule ni nusu siku ya kupiga kasia," nikasema. "Lazima kuhamia. Na mtoto atakuwa darasa la saba."

"Mtoto atabaki na bibi. Twende mimi na wewe."

Bibi akaangua kicheko.

"Mume wangu akalale dungu? Nguruwe watakuja kumwamia yeye!"

Nami nilicheka, lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Miezi minne juu ya miti, na mbu, na tope, bila baraza. Nikatafuta njia ya kutoka, na elimu ikanipa.

"Kuna hapa karibu," nikasema. "Kwenye mdomo wa mkondo. Nusu saa kwa miguu. Mtoto anatoka shule, anaamia jioni, asubuhi yuko darasani. Hakuna atakayehama."

"Pale?" dada aliuliza. "Pale ni pa bahari."

"Udongo wa pale ni wa mashapo, umeletwa na mafuriko, una rutuba kuliko wote. Nchi ya Misri nzima inakula kutokana na udongo kama ule."

"Misri sijafika. Pale nakwenda kutanda uduvi kwa kitambaa kila mwezi, miaka yote. Miti ya pale ni mililana, na mlilana mti wa bahari. Bahari ikijaa kwa bamvua ndiyo inayosukuma maji yaingie shambani, si unajua? Mto ukiwa na nguvu, yanayoingia ni matamu. Mwaka mto umepungua, ya pale huwezi kuyatia mdomoni."

"Dada, hayo ni mambo ya kuonja. Haya ninayosema mimi ni ya kitaalamu."

Naikumbuka sentensi hiyo neno kwa neno. Ningependa kusema niliisema kwa hasira, au kwa ujinga. Niliisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Mpwa wangu alikuwa amekaa mlangoni na daftari. "Mama, mimi nitaweza kuamia jioni," alisema. "Sitachoka." Aliogopa kwamba tukienda mbali, siku moja atafuatwa kijijini na kuambiwa mikono haitoshi. Aliijua hadithi ya mama yake.

Dada akamgeukia baba. Baba akainua mkono ule mzima, ukanielekea mimi.

"Msomi," alisema. Katika maneno yote yaliyokuwa yakimtoka yamepondeka, hilo lilitoka zima.

Tukafyeka pale. Nasema tukafyeka, lakini walioshika shoka ni dada na vibarua wawili. Mimi nilishika kamba ya kupimia mipaka, nikisimama juu ya gogo. Mililana mikubwa ilianguka ndani ya maji, ikasubiri kiangazi, ikachomwa. Majirani walikuja kutazama. Walijua kama alivyojua dada kwamba pale ni pa bahari. Baba zao wote walikuwa wamepaacha. Lakini nilisikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Mtu aliyesoma hawezi kukata bure. Kuna kitu amekiona." Nyumba tano zikafyeka kandokando yetu, hadi mdomo wa mkondo ukawa mweupe kama kichwa kilichonyolewa. Nilifurahi. Nilidhani hiyo ndiyo maana ya kuelimisha jamii.

Mpunga ukaota. Kwa wiki kadhaa ulikuwa wa kijani cha kupendeza, na mimi niliutazama kutoka barazani, kikombe mkononi, nikiona fahari ya mkulima ambaye hajalowa. Mpwa alitoka shule, akabadilisha sare, akakimbia shambani, na jioni nilimsaidia hesabu. Wiki hizo ndizo zilizonifanya niamini nilikuwa sahihi, na kusema kweli, kama mvua zingenyesha huko bara, labda ningebaki sahihi mwaka huo na kukosea mwaka mwingine.

Mvua za bara hazikunyesha vya kutosha. Mto ukaja mwembamba. Asubuhi moja baada ya bamvua dada alitoka shambani na kata ya maji, akasimama mbele yangu barazani, tope likimdondoka magotini.

"Onja."

"Ya nini?"

"Onja, mdogo wangu."

Nikaonja, nikatema. Dada aliyamwaga yaliyobaki chini ya mgomba, kisha akafikiri, akauhurumia mgomba, akauondolea udongo uliolowa kwa mguu.

Mpunga haukufa siku moja. Ulianza kwenye ncha, zikawa nyekundu kama zimepitiwa na pasi ya mkaa. Bamvua la pili likafika katikati ya jani. La tatu, juu ya tope lililokauka pakabaki unga mweupe, na watoto wakawa wanaulamba wakicheka. Mashamba yote sita yalikwenda pamoja. Wale majirani hawakunitukana, na afadhali wangenitukana. Waliendelea kuniamkia kwa adabu ile ile, ila barua zao wakaanza kuzipeleka kwa mwalimu wa shule.

Na si mpunga tu. Wanawake walizoea kutanda uduvi kwenye mizizi ile, wawili wawili, wakivuta kitambaa majini. Msimu uliofuata walivuta kitambaa kikatoka na tope. Ukingo ukaanza kumeguka vipande, hadi njia ya kwenda shuleni ikahamishwa. Mililana haijarudi mpaka leo ninapoandika. Kuna vichipukizi viwili vitatu ambavyo mawimbi huvilaza kila mwaka.

Wakati mpunga unakufa nilifungua sanduku langu la shule. Sikuwa natafuta kitu, nilikuwa najificha tu. Nikakuta daftari la jiografia la kidato cha tatu. Mle ndani, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeeleza mwezi na jua vinavyovuta bahari, lini maji hujaa kupita kiasi, na namna maji ya chumvi yanavyopanda kwenye mdomo wa mto pale mto unapopungua nguvu. Chini yake mwalimu alikuwa ameweka vema nyekundu. Nilikuwa nimeyajua yote. Niliyajua kwa ajili ya mtihani, nikayaacha chumba cha mtihani, wala haikunipitia akilini kwamba daftari lile na dada yangu walikuwa wanasema jambo moja. Kitabu chote cha nyumba yetu kiliwekwa kwangu, mto wote ukawekwa kwake, na ilipofika siku ya kuamua tukapigia kura kitabu. Siku hizi wataalamu huja na semina kutuambia elimu itaokoa mikoko. Mimi hukaa nyuma, natikisa kichwa kukubali, nanywa soda yao. Sina moyo wa kuwaeleza nani aliyeikata ile ya pale mdomoni mwa mkondo.

Mpwa alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka ule ule, na shamba limekufa. Akafaulu. Alikuwa msichana pekee wa shule yake aliyechaguliwa. Barua ya shule ilipokuja niliisoma mimi, mbele ya wote, kwa mazoea. Ada, sare mbili, godoro, sanduku, ndoo, jembe. Nilikuwa nasoma polepole, kana kwamba kila kitu nikikitaja taratibu kitapata muda wa kujitokeza.

Dada aliuza kitanda chake, ikapatikana ndoo na viatu. Nilizunguka kwa ndugu na majirani, na kila mlango niliobisha ulikuwa wa mtu aliyenifuata kwenye mililana. Nilikwenda Kibiti kuuza redio, wakazitazama betri zake zilizofungwa na mpira, wakanirudishia kwa huruma. Siku ya kuripoti ilikaribia, ikafika, ikapita. Wiki mbili baadaye dada aliniita.

"Waandikie wale wa shule," alisema. "Wasimshikie mtoto nafasi bure. Yupo mwingine ataihitaji."

Nikakaa barazani na karatasi. Niliandika vizuri sana, nitajisifu kwa hilo. Anwani kulia, tarehe chini yake, yahusu. Nikasema kwamba mwanafunzi tajwa hataweza kujiunga na shule yako tukufu kwa sababu zisizozuilika. Nikampa mpwa aisome, ilikuwa barua yake.

Aliisoma akiwa amesimama. Akarudia mstari mmoja.

"Mjomba, hizi zilizuilika."

"Weye!" dada alimkemea kutoka jikoni. "Ndivyo unavyomjibu mjomba wako?"

"Mwache," nikasema.

Hakuwa na kiburi. Alinyoosha kidole kwenye neno lile kama alivyozoea kunionyesha hesabu iliyokosewa, akasubiri nirekebishe. Bibi, ambaye hakuwahi kukosa neno juu yangu, aliendelea kuchambua mchele wa kununua kwenye kona yake.

Nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika kwamba mtoto huyu amefaulu, kwamba anataka kusoma, na kwamba hatakuja kwa sababu mjomba wake, mwenye elimu ya kidato cha nne, alichagua shamba la karibu, mahali ambapo mama yake mtoto alimkataza. Sikujua barua ya namna hiyo inamalizwaje, nikaweka saini tu.

Dada alitoka jikoni akaniambia nimsomee. Nilimsomea. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniuliza kama pale aliposema alikataza nimeandika vilevile alivyosema, kuhusu mto na bamvua. Nikamwambia hapana. "Andika," alisema. Akanitajia, nikaandika, sentensi tano za kwake, na alipokosa neno alinionyesha kwa mkono jinsi maji yanavyopanda. Barua ikawa ya kurasa mbili.

Mpwa akasema bahasha ataandika yeye. Aliandika jina la shule na sanduku la posta kwa herufi za duara, zilizonyooka, akapuliza wino ukauke. Kisha akaigeuza.

"Nyuma, kwa mtumaji, niandike jina langu?"

"Andika langu," nikamwambia.